Maji Niliyompa Mzee Jivan

Siku mliyoniaga mlinipa redio, keki na hotuba tatu, na katika hotuba zote sikujitambua hata mara moja. Kisha yule dada wa chumba cha upasuaji, wakati wengine mkigombania soda, aliniuliza ni mgonjwa gani nisiyemsahau. Nilimjibu kwamba ni wengi. Nilimdanganya. Ni wawili tu, walilala chumba kimoja, na nilipokutana nao nilikuwa sijamaliza hata mwaka mmoja kazini. Nawaandikia ninyi mnaobaki na sindano. Vyeo nitaviruka, na mshahara pia, maana vyote viwili vilipita mbali nami bila kunisalimia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Hospitali yetu hapa Bukavu ilikuwa ya watawa, na ilipangwa kama mji wenyewe ulivyopangwa. Wazungu walilazwa juu, mahali penye upepo na ziwa la kutazama. Sisi tulilazwa chini, kwenye mteremko, vitanda vimebanana. Katikati palikuwa na nyumba ndogo ya matofali yenye chumba kimoja cha wagonjwa, nayo iliitwa Banda la Waasia, kwa sababu wakubwa hawakujua wawaweke wapi wenye maduka. Walikuwa weupe mno kuletwa chini na weusi mno kupelekwa juu.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Bisimwa, muuguzi mzee kuliko wote, mtu wa maneno machache na vidole vyepesi. Ninyi mnachana karatasi na sindano iko tayari. Sisi kila asubuhi tulinoa ncha za sindano za kioo kwenye jiwe, ukajaribu kila ncha kwenye ngozi ya mkono wako mwenyewe, kisha tukazichemsha. Papa Bisimwa alinifundisha kuangalia miguu ya mgonjwa kabla ya kusoma karatasi yake, maana karatasi huandikwa jana na miguu huvimba leo. Alinifundisha pia kutomgusa mtu kabla ya kumwambia unataka kufanya nini. "Kuuliza si ujinga," alisema. "Mutu iko na mwili moja tu. Usiingie mule kama mwizi."

Na alinifundisha kubatiza. Msishangae. Siku zile, kwenye hospitali ya watawa, muuguzi Mkristo alifundishwa kubatiza walio hatarini kama alivyofundishwa kufunga jeraha. Mtoto mchanga anayezimika, unambatiza mara moja. Mtu mzima unamwuliza kwanza, naye lazima atake mwenyewe. Kisha unaandika katika daftari la wodi jina, saa na nani aliyebatiza, na kila Jumamosi orodha inapelekwa parokiani. Kwa Papa Bisimwa jambo lisiloandikwa halikufanyika, liwe kidonge cha kinini au ubatizo.

Masera Roza ndiye aliyenipeleka Banda la Waasia. Masera ndivyo tulivyowaita watawa, na huyu alikuwa Mbelgiji mrefu wa Kiflamandi, mwenye Kiswahili kigumu na hatua za askari. Alinikabidhi wagonjwa wawili. Karibu na dirisha alilala Mzee Jivan, mwenye duka la vitambaa, moyo wake umechoka na miguu imejaa maji. Upande wa mlango alilala Fundi Piya, mtengenezaji wa saa kutoka kisiwa cha Seiloni, mguu wake umevunjika paja na kuning'inizwa kwa kamba na mifuko ya mchanga. Saa ya parokia ilikuwa imesimama, akapanda kuiamsha, ngazi ikateleza. "Sasa saa inatembea," aliniambia siku ile ya kwanza, "mimi njo sitembei."

Nilijaza karatasi zao. Mahali pa dini niliandika "Hindou", Mhindu kwa Kifaransa, kwa wote wawili, nikaona nimefanya kazi safi. Saa sita nikawaletea supu ya ng'ombe, ile nzito ambayo jikoni waliwapikia wenye moyo dhaifu. Mzee Jivan alilitazama bakuli kama mtu anayetazama maiti ya jirani yake, akageuza uso kwa upole.

"Munganga," aliniambia, maana ndivyo walivyotuita wauguzi, "hii ni ng'ombe?"

"Ndiyo, papa. Inapatia mutu nguvu."

"Aksanti. Mupatie mwingine nguvu hiyo. Mimi sili kitu yenye ilikuwa na mama."

Fundi Piya alicheka mpaka mifuko ya mchanga ikayumba. Akaomba ndagala. Mpishi alipopata habari alikuja mwenyewe mlangoni, kijiko mkononi, kuniuliza inakuwaje Wahindi wawili wa chumba kimoja, mmoja hali hata samaki na mwingine anataka ndagala wa Uvira na pilipili. Jibu alilitoa Fundi Piya, baada ya kuniomba nisome nilichoandika kwenye karatasi yake.

"Hindou," nilisoma.

"Futa. Ile iko ya Jivan. Mimi niko mutu ya Buda."

"Acha, munganga, usichafue karatasi," alisema Mzee Jivan akiwa amefumba macho. "Ni kitu moja. Mungu yetu mukubwa alishuka duniani mara mingi kusaidia batu. Mara ya tisa njo alikuwa Buda. Hata ku duka langu niko na picha yake, pamoja na bengine."

"Njo kitu inanikasirisha iyo!" alisema Fundi Piya. "Anamuweka mule katikati ya miungu yake, na maua shingoni. Buda hakushuka fasi yoyote. Alizaliwa, akazeeka, akakufa. Alikuwa mutu."

Ndivyo ilivyoanza, na iliendelea wiki kwa wiki. Mmoja alizaliwa na Kigujarati, mwingine na Kisinhala. Hawakuelewana kwa lugha ya mama zao hata neno la kuomba chumvi. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili cha dukani, kwa hiyo kila walichobishana kuhusu mbingu na roho walikibishana kwa lugha yangu, nami nikiwa pale nikihesabu matone ya digitalini, dawa ya moyo, au nikimpaka Fundi Piya alkoli na poda ya talki mgongoni asipate vidonda. Sijapata shule nyingine kama ile. Nilikuwa nachelewesha kazi makusudi, na Papa Bisimwa alijua.

Nilimwuliza Mzee Jivan dini yake ilianzishwa na nani.

"Na mutu hapana," alijibu. "Haina mwanzo yenye mutu anajua. Unaona muto ya Ruzizi inatoka ku ziwa, sivyo? Na maji ya ziwa ilitoka wapi? Na ile ya mvua? Baba zetu walisikia maneno ya zamani sana, wakayashika kichwani, wakapatia batoto yao. Miungu iko mingi, lakini ni sura mingi ya Moja. Na ndani yako, munganga, iko kipande ya ule Moja. Mwili inakufa, ile kipande inahama, kama mupangaji anahama nyumba. Kama ulilipa vizuri kwa matendo, unapata nyumba muzuri. Siku moja unachoka kuhama, unarudia kwa Mwenyewe."

"Sasa muulize kama mupangaji masikini anaweza kuingia nyumba ya mukubwa hapa hapa duniani," alidakia Fundi Piya. "Kwao mutu anazaliwa na daraja yake. Huyu ni wa kuomba mungu, huyu wa vita, huyu wa duka, huyu wa kufagia, na mutoto wa mwenye kufagia atafagia."

"Iko vile," alisema Mzee Jivan. "Siikatali. Hata hapa Bukavu iko vile, na hapa si Bahindi walianzisha."

Wote watatu tulitazama juu, kule kwenye wodi yenye upepo.

Habari za Buda alinisimulia Fundi Piya kidogo kidogo, kioo cha fundi kikiwa kimebanwa jichoni, maana alikuwa akitengeneza saa kitandani na wateja wakamletea hadi wodini. Alisema Buda alikuwa mwana wa mfalme, alizaliwa chini ya milima mikubwa huko huko kwa Wahindi, akalelewa ndani ya dini hiyo hiyo ya akina Jivan. Baba yake alimfungia ndani ya raha ili asione ubaya wa dunia. Siku alipotoka aliona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti. Kisha akaona mtu aliyeacha vyote, mwenye uso wa amani. Nikamwambia kwamba mimi wale watatu wa kwanza nawaona kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, ila yule wa nne bado. Fundi Piya alifurahi sana na neno hilo, akalirudia kwa kila aliyeingia siku ile.

Mwana wa mfalme akaacha mke, mtoto na nyumba. Akajaribu kujinyima chakula mpaka akabaki mifupa, akaona njaa nayo haimwonyeshi kitu, akachagua njia ya katikati. Akakaa, akatulia, akaelewa. Alichoelewa Fundi Piya alinihesabia kwenye vidole vinne, nami nilikipokea kwa akili ya kiuguzi. Kuna ugonjwa, yaani maisha yana maumivu. Kuna sababu ya ugonjwa, nayo ni tamaa ya kushika visivyoshikika. Kupona kunawezekana. Na kuna dawa, ambayo ni namna ya kuishi, kusema na kuwaza. "Hakuuliza nani aliumba dunia," alisema. "Nyumba ikiungua, hauulizi kwanza nani aliijenga."

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya yule mpangaji wa Mzee Jivan. Fundi Piya alisema hakuna mpangaji. Akanyanyua saa kuukuu. "Hii nilibadilisha springi. Mwaka ingine nikabadilisha mishale, halafu kioo, halafu meno yote. Mwenyewe anasema ni saa ya baba yake. Nionyeshe ile saa ya baba yake iko wapi mule ndani. Mutu pia iko vile. Kila kitu ndani yake inabadilika, hakuna kipande moja yenye inabakia."

"Sasa kama hakuna mutu, nani anazaliwa tena?" aliuliza Mzee Jivan. "Nyinyi pia munasema tunazaliwa tena."

"Mushumaa moja ikiwasha ingine, moto inapita. Ni moto ile ile? Hapana. Ni ingine? Hapana."

"Hiyo si jibu, Piya. Ni mushumaa tu."

Kisha Mzee Jivan angeniuliza, kama alivyoniuliza kila asubuhi bila kukosa, "Na mama yako kule Nyantende, magoti yake?" Mama yangu hakuwahi kumwona. Lakini Mzee Jivan alijua goti la kushoto linauma zaidi wakati wa mvua, na alimtumia kitambaa cha sufu cha kulifunga. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Sitazunguka mbuyu: nilimpenda mzee yule kama baba.

Kwenye kabati lake la kitandani alikuwa na chungu kidogo cha shaba kilichozibwa kwa nta. Ndani mlikuwa na maji ya Ganga, mto wao mtakatifu, yaliyovuka bahari pamoja naye ujanani. Hufunguliwa mara moja tu, mtu anapokata roho, wakamdondoshea matone mdomoni. Baada ya hapo mwili huchomwa moto na majivu hupewa maji yanayotembea. Alikuwa amekwisha kuchagua mahali, kando ya Ruzizi, upande wa Mumosho. Mwanaye wa kiume alikufa mdogo; alibaki na binti, Kanta, aliyeolewa Usumbura, Bujumbura ya leo, na mpwa huko huko ambaye angewasha moto. "Sitaki kitu ingine," aliniambia. "Moto, na maji yenye inatembea. Nisipochomwa, ule mupangaji atabakia anazunguka mulangoni, hajui aende wapi."

Wiki ya tano moyo wake ulishindwa. Maji yalipanda mapafuni, akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima, kisha akaacha kujibu. Daktari alisema hatafika jioni. Ilikuwa mchana, Fundi Piya amegeukia ukuta, amelala. Mimi nilisimama pale na kitambaa chenye maji ya kumfuta paji la uso, na woga ukanishika. Katekisimu niliyofundishwa haikuwa na mlango wa pembeni. Nilijua, au nilidhani najua, mzee huyu anakokwenda bila ubatizo, naye ni mtu aliyeuliza habari za magoti ya mama yangu. Nilikamua kitambaa juu ya kipaji chake mara tatu, nikasema maneno kwa sauti ya chini, nikampa jina la Yozefu. Kisha, kwa kuwa jambo lisiloandikwa halikufanyika, niliandika katika daftari.

Hakufa. Daktari alimdunga dawa mpya ya kukojoza, nikabeba besheni baada ya besheni, na siku ya tatu akafungua macho akauliza mvua imenyesha Nyantende au bado. Nilifurahi mpaka nikatoka nje kulia. Nilipomaliza kulia nikakumbuka daftari. Jumamosi ilikuwa imepita, na orodha ilikuwa parokiani.

Nilinyamaza. Vijana wangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilijua methali hiyo kabla sijajua kupima homa, lakini nilinyamaza. Siku moja nilijaribu kuuliza kwa kuzunguka: mtu akifanya kosa kwa moyo mwema, inakuwaje?

Mzee Jivan alisema tendo ni mbegu. Ukiipanda itaota, hata kama ulidhani ni maharage kumbe ni magugu. Ila sala na desturi zinaweza kusafisha shamba.

Fundi Piya alisema kwao nia ndiyo tendo lenyewe. "Lakini nia pia unaipima muzuri," aliongeza, bila kuondoa kioo jichoni. "Ulifanya juu ya yule mutu, ao juu ya woga yako?"

Mzee Jivan alifariki asubuhi moja ya jua, wiki tatu baadaye, nikiwa namnyoa ndevu. Alishika tu mkono wangu wenye wembe, akauweka chini taratibu nisimkate, akafumba macho. Fundi Piya alikuwa amefungwa kwenye kamba zake, hawezi kumfikia. "Chungu," aliniambia. "Munganga, chungu. Mimi sifiki." Nilibandua nta kwa ukucha. Nilimdondoshea matone matatu mdomoni, na la tatu nadhani lilimkuta bado yuko, maana koo lilisogea.

Kanta alifika mchana kutoka Usumbura, na binamu yake, yule mpwa wa Mzee Jivan, pamoja na wazee wawili. Walikuja na shuka nyeupe, samli na maua, na lori la kuni lilikuwa linasubiri nje. Masera Roza aliwakuta barazani, daftari kwapani. Parokia ilikuwa imekwisha kuona jina.

"Papa yenu alibatizwa hapa," aliwaambia. "Yozefu. Kanisa yetu haichomi batu yake. Tutamuzika na heshima, padri atakuja."

Wale wazee wakaanza kusema kwa lugha yao, wote pamoja. Kanta alinigeukia mimi, maana baba yake alikuwa akimwandikia habari zangu katika barua. "Papa alitaka vile?" aliniuliza. "Yeye mwenyewe alisema?"

Nilijua ninachokipoteza nikijibu kweli. Kuandika uongo katika daftari la wodi kulikuwa kosa la kufukuzwa, na mama yangu hakuwa na mwingine. Nilijua pia atakachokipoteza mzee nikinyamaza: moto wake, mto wake, vitu viwili tu alivyoomba. Nilimwomba Masera tuingie ndani.

"Ulimuuliza?" alisema, kabla sijafungua mdomo. Nadhani alikuwa ameusoma uso wangu tangu barazani.

"Hapana, Masera. Hakuwa na fahamu siku ile. Na hata angekuwa nayo angekataa."

"Sasa juu ya nini ulifanya?"

"Nilimupenda, Masera. Niliogopa."

Papa Bisimwa alikuwa pale dirishani, anapanga sindano. Hakugeuka, ila mikono yake ilisimama. Masera Roza alikaa kitako. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka, mwanamke wa mbali na kwao mwenye viatu vilivyokwisha. "Mimi pia niliogopa juu yake," alisema polepole. "Lakini ubatizo ya mutu mukubwa bila mapenzi yake si ubatizo. Ni maji tu. Na kupenda mutu haikupi ruhusa ya kuandika maneno yake." Akavuta mstari juu ya jina la Yozefu, akatia sahihi. Kisha akatoka barazani mwenyewe. Nilidhani atanitaja. Alisema, "Kosa iko yetu. Mutusamehe. Mubebe papa yenu."

Hakunifukuza. Alinipeleka miezi mitatu kufua shuka, na hapo ndipo nilipojifunza kuondoa damu kwa maji baridi, elimu iliyonifaa kuliko vyeti vyangu vyote.

Kanta aliniomba nifuatane nao, nami nilipanda lori nikakaa juu ya kuni. Huko Mumosho watu wa mlimani waliacha majembe wakatazama. Mpwa alizunguka kuni na kuwasha moto, samli ikalipuka. Niliogopa kuangalia, nikaangalia. Nilimlilia mzee yule mbele ya watu. Siku ya pili walikusanya majivu, Ruzizi ikayachukua.

Nilirudi kumweleza Fundi Piya, nikamweleza yote, na la ubatizo pia. Alinisikiliza, kisha akasema, "Najua. Sikulala siku ile. Na yeye pia alijua."

Nilikaa kwenye kitanda kitupu cha Mzee Jivan.

"Alisikia maji, alisikia maneno. Alipopona aliniambia, 'Usimuambie kama ninajua, atapata haya. Huyu mutoto alinipatia mungu wake. Mimi niko na miungu mingi, moja zaidi haitanisumbua.' Wiki tatu tulikuwa tunakuangalia unabeba ule muzigo. Mimi nilitaka kukuambia. Yeye alisema hapana, siku moja utautua mwenyewe." Akafuta kioo chake cha fundi kwa ncha ya shuka. "Lakini mimi si Jivan, munganga. Mimi sina fasi ya kuweka mungu wa kuongeza. Siku yangu ikifika, usinipatie maji. Yako hapana, ya Jivan hapana. Nishike tu mukono, unyamaze, ili nikufe nikiwa natulia."

Siku yake ilifika wiki chache kabla ya uhuru. Mguu ulikuwa umepona zamani. Safari hii yalikuwa mapafu. Hakuwa na ndugu hapa. Nilimwuliza tena, kama Papa Bisimwa alivyonifundisha, ikiwa bado anataka vilevile, naye akatikisa kichwa kukubali. Basi nikakaa. Ilichukua tangu saa tatu mpaka karibu na adhuhuri. Nilikuwa nimemshika mkono, na moyo wangu wote ulikuwa unasukuma maneno ya sala kinywani, nami nikiyameza moja moja. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii sijafanya jambo gumu kama lile, na kwa macho ya mtu aliyepita mlangoni sikuwa nafanya kitu.

Alipokwisha nilimfumba macho. Nilisali jioni, nilipofika nyumbani Kadutu, na sikumwombea yeye, kwa kuwa hakutaka. Nilijiombea mimi, maana mimi ndiye niliyebaki.